Jina Nililolibeba Kutoka Kiwalani hadi Edmonton

Tangu nirudi, kila anayepita dukani kwangu anataka kipande cha safari. Aliyekuja kuchukua suruali nilimpa habari za zeituni. Aliyeleta kanzu ipunguzwe nilimpa habari za yule bwana wa nyuma ya kioo. Sasa mnakutana barazani, kila mmoja na kipande chake, havilingani, na nasikia wengine wamekwisha kuviongezea lesi. Basi nimekaa nikavishona pamoja. Mambo ya viza na tiketi nimeyaacha, maana aliyahangaikia mkwe wangu mapema, kabla mimi sijakubali kwenda, nami sikuyaelewa hata nusu.

Kwa asiyenijua, mimi ni fundi cherehani hapa Kiwalani, Baba Rukia. Mke wangu alifariki mwaka huu kabla ya masika. Binti yetu, Rukia, anaishi na mumewe Hemedi katika mji uitwao Edmonton, nchi ya Kanada, na wakati wa msiba alikuwa mjamzito. Mama yake ndiye aliyekuwa aende kumkanda kwa maji ya moto na kumpikia uji wa pilipili manga. Alikwisha kusaga viungo na kunikatisha mkaja, ile nguo ndefu ya kumfunga mzazi tumbo, nami nikaupinda kingo kwa mkono wangu. Vyote vikakaa ndani ya mfuko mvunguni mwa kitanda. Mwenye mfuko akaondoka, mfuko ukabaki.

Siku ya Ijumaa Rukia akajifungua mtoto wa kike. Akanipigia simu.

"Baba, siku ya saba ni Alhamisi. Nataka apewe jina la mama, na nataka litoke kinywani mwako."

"Si ulitoe tu wewe mwanangu, jina unalijua."

"Nalijua mie. Wewe je? Sijawahi kukusikia ukilitaja."

Alisema kweli. Mie na mke wangu tuliitana Baba Rukia na Mama Rukia. Kabla Rukia hajazaliwa nilikuwa namwita "mwenzangu", na nikiwa nje ya nyumba nilikuwa nakohoa tu, anajua ni mimi. Jina lake nililitamka siku ya ndoa mbele ya mashahidi, basi. Siku ya mazishi wengine walilitaja. Mimi sikuweza.

"Kama huwezi kulitamka," Rukia akasema, "utamwitaje mjukuu wako maisha yote? Utamkoholea? Njoo umwite mwenyewe. Usipofika Alhamisi, mama yake Hemedi kule Tanga atatoa jina lake, na haki ni yake, katuachia tu kwa sababu ya msiba."

Nikautoa mfuko mvunguni.

Uzi wa Sadiki

Jirani yangu Sadiki ni fundi simu, kijana wa watu mwenye watoto wawili na maneno mengi. Nilimwuliza Edmonton ni mbali kiasi gani. Akabonyeza simu, ikatokea ramani, na juu ya ramani uzi mmoja uliopinda kidogo kutoka Dar es Salaam hadi kule.

"Kilomita elfu kumi na nne na kitu, fundi. Hewani saa kumi na saba."

"Saa kumi na saba tu?"

"Ndo hivyo imeandika. Lala mara mbili, kula mara mbili, umefika."

Basi nikamwambia Rukia kwamba nikipanda Jumatano asubuhi, usiku wa Jumatano wa kwetu mie nitakuwa nimefika, nimeoga. Hemedi alijaribu kunieleza kwamba ndege zitakuwa tatu na katikati kuna kungoja. Nilimwitikia "sawa sawa", lakini moyo wangu ulikuwa umeshika ule uzi. Nami ni fundi, ningepaswa kujua. Mteja hupimwa akiwa amesimama wima, ametulia, hapumui. Nguo ataivaa akikaa, akiinama, akipanda pikipiki. Ile simu ilikuwa imeipima safari ikiwa imesimama wima.

Paa letu

Uwanja wa ndege kwa sisi wa Kiwalani ni kama jirani mwenye kelele. Mnajua desturi yetu: ndege ikipita, mtu anakatisha neno palepale, wote tunangoja, kisha anaendelea kutoka pale alipoishia. Wageni hutushangaa. Mke wangu alikuwa bingwa. Aliweza kunigombeza, akasimama katikati ya neno mdomo wazi, ndege ikapita, akamalizia neno bila kupoteza hasira hata kidogo.

Jumatano asubuhi nikaingia mwenyewe tumboni mwa ile kelele. Nilikaa dirishani, mfuko mdogo miguuni, ndani yake visheti nilivyojipikia. Mfuko mkubwa ulikuwa chini na mizigo mingine. Tukafungwa mikanda. Tukakaa. Tukakaa sana. Abiria mmoja wa mbele aliugua ghafla, akateremshwa kwa heshima zote, kisha ikabidi mzigo wake utafutwe katika mizigo yote uteremshwe naye. Sikumlaumu. Nilimwombea shifaa. Lakini niliona jua linapanda na nikaanza kuhesabu.

Tulipopaa nikabandika uso kwenye kioo. Mabati ya Kiwalani yakapita chini yangu, mengi, yamebanana kama vifungo kwenye kopo. Nikaliona letu. Lina kiraka cha bati jekundu pale jikoni, mke wangu ndiye aliyesema tuweke jekundu kwa kuwa lilikuwa limebaki dukani. Nikawaza kwamba watu wote pale chini sasa hivi wamenyamaza wakingoja nipite. Nikajikuta nasema peke yangu, "Endeleeni."

Mtani

Aliyekaa pembeni yangu alikuwa mama mnene mchangamfu, mfanyabiashara wa nguo Kariakoo, anakwenda Istanbul kuchukua mzigo. Alijitambulisha kama Mama Kulwa. Alinipa shikamoo, nikamwitikia, kisha akanitazama vizuri.

"Mzee kabila gani? Mbona umekaa kama kifurushi kilichosahauliwa?"

"Mzaramo."

Akapiga makofi hadi wa mbele wakageuka. "Mtani wangu! Mie Mnyamwezi wa Tabora. Haya, unaenda kwenye shughuli ya nani? Maana Mzaramo hapandi hata bajaji kama mbele hakuna ngoma." Mnajua Wanyamwezi na sisi ni watani tangu enzi za misafara, hutaniana hata makaburini.

"Na wewe mbona leo huna mzigo kichwani? Au wamewakataza ndani ya ndege?"

Akacheka, akataka kisheti. Akauma. Akakitoa mdomoni akakitazama.

"Hivi kapika nani?"

"Mie."

"Ndo maana. Hivi ni vya kujengea."

Nikamweleza kwa nini nimejipikia. Nikasema nimefiwa na mke. Tangu msiba nilikuwa nimezoea kwamba nikisema hivyo mtu anainamisha kichwa, anasema pole, na mazungumzo yanaishia hapo. Mama Kulwa alikunja uso kama aliyedhulumiwa.

"Umefiwa, na umezika?"

"Nimezika."

"Bila mtani?"

"Watani walikuwepo wa pale mtaani."

"Wale walifuata pilau. Mtani ni mie. Nilitakiwa nishuke kaburini nilale, mninyanyue kwa pesa za ubani na maneno mazuri. Mazishi hayo siyatambui, mtayarudia." Akanigeukia. "Kwanza, huyo marehemu alikuwa na wewe muda gani?"

"Tangu ujana wetu."

"Mzaramo mmoja, mwanamke mmoja, tangu ujana? Basi huyo peponi hakupanga foleni. Malaika wamemwambia, pita mama, tumeshaona uliyoyapitia."

Nilicheka. Nasema kweli, sikuwa nimecheka tangu msiba. Nilicheka hadi machozi, na machozi yalipokuja yakaendelea yenyewe kidogo, na Mama Kulwa akanipa leso yake, akaniambia, "Futa, lakini ukiondoka nayo nakuja kuidai Kiwalani."

Istanbul na zambarau zake

Tulipofika, ndege ya Toronto ilikuwa imeshaondoka. Dada wa kaunta alinieleza kwa upole, Mama Kulwa akanitafsiria: nitalala hotelini, chakula bure, nitapanda kesho Alhamisi asubuhi.

Nilikaa chini kwenye kigae.

"Inuka mtani," akasema. "Kesho si bado ndiyo siku ya saba? Hebu leta sauti."

Akashika simu yake, nikamsemea Rukia ujumbe wa sauti kwamba nimekwama. Haikuchukua muda jibu likaja. "Baba usijali. Tutangoja mpaka Magharibi. Ila ikiingia Magharibi siku imekwisha, tutapokea jina la Tanga. Njoo salama." Nikamwomba Mama Kulwa anirudishie ujumbe ule mara ya pili. Neno Magharibi likanikaa kichwani.

Uwanja ule ni mkubwa kuliko Kiwalani na Vingunguti kwa pamoja. Mama Kulwa aliutazama mfuko wangu mdogo, akautazama mwendo wangu, akaupandisha mfuko kichwani pake mbele ya Waturuki wote.

"Babu zetu waliwabebea mizigo mpaka pwani," akasema. "Mie nimekubebea mpaka Ulaya. Nenda kawaambie Wazaramo wenzako deni limezidi."

Alinifikisha kwenye basi la hoteli ndipo akaenda zake sokoni. Leso yake ninayo hadi leo. Nangoja aje kuidai.

Asubuhi hotelini niliona bakuli la zambarau. Zilikuwa nyeusi, nono, zinang'aa, nikamshukuru Mungu kwamba na huku zipo. Nikachota nusu sahani. Nikatia tatu mdomoni kwa mpigo. Ndugu zangu, chumvi! Chumvi na uchungu, na kokwa lake gumu. Mhudumu alikuwa ananitazama akitabasamu, nikaona aibu kutema, nikatafuna zote huku nikimkubalia kwa kichwa. Akaniongezea. Ndiyo hizo zeituni. Mie nilizijua kwa jina tu, kwenye Kurani, na kichwani mwangu zilikuwa tamu.

Jua lililokataa kushuka

Saa ya mkononi sikuibadilisha. Istanbul ilikuwa inalingana na Dar, hivyo niliiamini, na nilipopanda ndege ya Toronto niliendelea kuiamini. Kule Kiwalani mdogo wangu alikuwa achinje mbuzi wa akika Alhamisi hiyo baada ya Alasiri, jamaa wale, waombe dua. Kila nilipotazama saa nilijua wamefika wapi. Sasa wanamchuna. Sasa ubwabwa umepaliwa. Sasa wanakula.

Saa yangu ilipoonyesha Magharibi nilitazama nje. Jua lilikuwa juu kabisa, limekaza, kama la adhuhuri. Nilijua kwamba huko tuendako saa ni nyingine, maana mara nyingi Rukia alinipigia mie naingia Isha naye ndiyo anakunywa chai ya asubuhi. Hilo halikunitatiza. Kilichonitatiza ni siku. Siku saba nilizihesabu kwa adhana ya msikiti wetu, moja baada ya nyingine, tangu ile Ijumaa. Na adhana ya msikiti wetu ilikuwa imeshaita. Siku ya saba ilikuwa imekwisha, nami nilikuwa juu ya bahari na mkanda kiunoni.

Niliswali nimekaa. Kisha nikaamua kuwa mtu mzima. Jina la Tanga nalo litakuwa jina zuri. Mtoto ni mtoto. Nitampelekea uji mama yake na mkaja, na hiyo ndiyo kazi aliyoiacha marehemu. Nilijisemea hayo mara nyingi. Mhudumu alileta kuku na viazi, nikamrudishia.

Bwana wa nyuma ya kioo

Toronto walinisimamisha. Bwana mmoja wa nyuma ya kioo aliniuliza maneno, nikamjibu "yes" mara tatu, na kwa uso wake nikaona kwamba moja kati ya hizo tatu halikuwa jibu zuri. Akainua simu. Akaiweka kwenye kipaza sauti. Ikatoka sauti ya mama, Kiswahili cha Kongo.

"Papa, jambo. Miye ni wa kutafsiri. Anauliza unakuja kuona nani."

Nilikuwa nimechoka, na nikasema kama ambavyo ningemjibu mtu wa hapa mtaani.

"Nakuja kumwona mke wangu."

Alitafsiri. Bwana akatazama karatasi zangu, akasema maneno mengi.

"Papa, anasema kwenye karatasi umeandika bibi yako alikufa."

"Ndiyo. Alifariki kabla ya masika."

"Na unakuja kumwona?"

"Ndiyo. Amezaliwa Ijumaa."

Simu ikanyamaza. Bwana akanitazama, akaitazama simu, akaigonga kidogo akidhani imekatika. Kisha yule mama akaanza kucheka, kicheko cha kutoka tumboni.

"Papa, ni mjukuu?"

"Mjukuu wangu. Alikuwa apewe jina la bibi yake, sasa ndiye mke wangu mdogo. Ila atanikataa, sina meno ya pembeni."

"Hata kwetu wababu wanasema vile vile! Ngoja nimweleze huyu, asikurudishe."

Akamweleza kwa kirefu. Nilimwona yule bwana uso unalegea kidogo kidogo, hadi mashavu yakapanda. Akauliza tena.

"Anauliza umebeba nini."

"Unga wa uji wa pilipili manga, mkaja, na jina."

"Jina nalo nitafsiri?"

Nikasita. Halafu nikasema ukweli, maana nilikuwa mbele ya serikali ya watu.

"Mwambie nililibeba, lakini limechelewa. Siku yake imekwisha."

Sijui alilitafsiri vipi. Bwana yule alitazama saa yake, akanigongea muhuri haraka, akaita mwenzake, na mwenzake akanikimbiza kwa kikokoteni cha umeme hadi mlango wa ndege ya Edmonton. Nilidhani wananihurumia kwa uzee. Sasa naona labda alikuwa anajua jambo ambalo mie sikulijua.

Habari za asubuhi

Ndege ya tatu nayo ilichelewa kuondoka, nami sikuhangaika tena. Anayejua amechelewa halinganishi kuchelewa. Nikalala usingizi mmoja mzito tangu kupaa mpaka magurudumu yalipogonga chini. Nikafungua macho. Saa yangu ilisema kumi na mbili asubuhi. Nje, jua lilikuwa limeinama pembeni, la rangi ya dhahabu, kama lile linalopenya dukani kwangu ninapofungua milango. Saa na jua vilikubaliana. Basi nikajua ni Ijumaa asubuhi.

Nikamwambia mhudumu wa mlangoni "Good morning". Akacheka, akanijibu vivyo hivyo. Nikamwambia na mzee aliyenishushia mfuko. Naye akacheka. Nikasema watu wa mji huu wana furaha mapema.

Hemedi alikuwa amesimama pale nje, kijana mrefu, amevaa kanzu niliyomshonea ya harusi.

"Shikamoo baba!"

"Marahaba mwanangu. Mmeamkaje?"

Alinitazama kidogo. "Tumeamka salama, baba. Twende, twende upesi." Akachukua mifuko yote miwili, akatembea mbele kwa mwendo wa mtu anayekimbia kwa adabu.

Garini nilianza kumwambia yale niliyojipanga kumwambia. "Hemedi, jina la mama yako wa Tanga nitalipokea kwa moyo mmoja. Mzazi ni mzazi. Msijisikie vibaya kwa ajili yangu."

"Baba, ngoja kwanza," akasema, macho barabarani.

"Na pahali pazuri ukipaona usimame, niswali Alfajiri kabla jua halijapanda sana."

Hemedi akanigeukia hadi nikaogopa kwa ajili ya gari.

"Alfajiri? Baba, Magharibi bado!"

"Magharibi ya lini?"

"Ya leo. Leo Alhamisi. Huku siku hizi jua halitui mpaka watoto wote wamelala. Limebaki kidogo, ndo maana nakimbiza!"

Nikanyoosha mkono nikaitazama saa. Nikalitazama jua. Kumbe lilikuwa halipandi.

"Lakini Kiwalani Alhamisi imekwisha," nikasema. "Mbuzi ameshaliwa."

"Mbuzi kaliwa, dua imefika. Ila mtoto hakuzaliwa Kiwalani, baba. Kazaliwa hapa. Siku yake inahesabiwa kwa jua la hapa."

Nilikaa nikalikodolea macho lile jua kupitia kioo cha mbele, kama dereva anavyotazama taa ya kijani akiiomba isibadilike. Njia nzima nilikuwa nimehuzunika juu ya siku ambayo ilikuwa bado ipo. Huo ndio urefu wa Edmonton, nami sikuuona kwenye simu ya Sadiki.

Jina

Wanakaa ghorofa ya pili. Nilipanda ngazi kama kijana. Rukia alikuwa ameketi kitandani, amevaa kanga ya mama yake, na nilipoingia akaanza kulia na kucheka papo hapo.

"Baba umechelewa!"

"Sijachelewa," nikasema. "Uliza jua."

Nikaenda kunawa, nikatia udhu. Hemedi akasimama dirishani kama mlinzi. Jua lilikuwa limefika kwenye vilele vya miti, jekundu sasa, na chumba kizima kilikuwa na rangi ya ule mwanga. Rukia akanipa mtoto. Alikuwa mwepesi kuliko mita mbili za kitambaa. Amefumba macho, amekunja uso, na kati ya nyusi alikuwa na ule mkunjo ninaoujua, wa mtu aliyekatishwa neno.

"Haya baba," Hemedi akasema taratibu. "Bado lipo, lakini..."

Nikamsogeza mtoto sikio la kulia karibu na mdomo wangu. Nikasema bismillahi. Nikafungua kinywa.

Na hapo juu ya nyumba ikapita ndege.

Nikanyamaza. Kinywa wazi, palepale. Nilipoinua macho nikamwona Rukia naye amenyamaza, mkono hewani, kichwa kimeinama kidogo upande. Miaka yote aliyokaa huko haikumtoa Kiwalani. Hemedi, mtu wa Tanga, alitutazama mmoja baada ya mwingine kwa hofu.

"Mbona mmesimama? Jua, baba! Linazama!"

Tukamwinulia mkono wote wawili, subiri. Nilimwona mke wangu mlangoni kwetu na ufagio, mdomo wazi katikati ya neno, akingoja. Tangu kabla ya masika nilikuwa hivyo mimi. Watu walidhani nimekuwa bubu kwa msiba. Nilikuwa nangoja ndege ipite tu, na ilikuwa haimalizi kupita.

Ile ya Edmonton ikamaliza. Kelele ikaenda ikipungua, ikawa kama cherehani ya jirani, kisha ikatoweka.

"Mwantumu," nikasema.

Nikarudia, kwa sauti, kama mtu anayemwita mwenzake aliye chumba cha pili. "Mwantumu. Mwantumu."

Mtoto akafumbua jicho moja, akanitazama, akapiga chafya.

"Amekuitikia," Rukia akasema, huku anajifuta kwa kanga.

"Hajaniitikia," nikasema. "Ananigombeza kwa kuchelewa. Hemedi, chemsha maji, uji upikwe. Na mkaja upo juu kabisa ya mfuko."

Hemedi aliwasha jiko huku nyuma yake dirisha likigeuka zambarau, na simu yake ikaanza kuadhini Magharibi.